Kilo za Perezida

Gentil aliyasema maneno yale sebuleni kwangu, mbele ya watu, huku akitafuna sambusa yangu.

"Perezida wa baiskeli anatembea na voiture, na gari. Mi nauliza tu. Imamu hasali, mutamufuata?"

Nilikuwa nammiminia jirani yangu Pulchérie chai. Nikaendelea kumimina, kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, chai ikaanza kutiririka mezani, na Pulchérie hakuona, maana kinywa chake kilikuwa wazi kama changu. Aliyesemwa ni mume wangu, Mudathiru. Aliyesema ni kijana ambaye kofia yake ya kwanza ya kazi alinunuliwa na huyo huyo mume wangu.

Nyumba yetu iko Mbugangari, na majirani wanasema mlango wangu hauna kitasa. Ni kweli. Ukitaka kujua nani ameposa, nani ameachwa, nani amerudi kutoka Goma na shemeji asiyejulikana, njoo kwangu saa ya chai. Lakini mambo ya kutukanana na mwenye nyumba, hapana, hayo hatukuwa tumeyaona bado.

Mume wangu ni perezida wa koperative ya wabeba abiria kwa baiskeli. Alianza na baiskeli moja ya chuma, akishusha watu na magunia ya viazi kutoka Mahoko mpaka mjini, wakati huo mwembamba kama spoku. Halafu uperezida ukaja, mikutano ikaja, mchuzi wangu ukaja, na yule mwanaume wa spoku akapotea ndani ya mwanaume mwingine. Na hakuna kitu anachokipenda duniani kama kile kiti. Kiti chenyewe hakina mshahara. Kina kengele. Akipita njiani, kila kijana wa baiskeli anampigia kengele, kri kri kri, kuanzia kwetu mpaka sokoni, naye anainua mkono taratibu kama anabariki. Siku ambayo kengele hazikulia vizuri, hali chakula.

Basi aliposikia lile neno la imamu, hakupiga kelele. Alifuta mdomo.

"Bon. Unataka nini, Gentil?"

"Upande, Perezida. Siku ya mukutano mukuu. Kutoka kituo mupaka Mahoko, uzunguke soko, urudi. Mguu isiguse chini. Ikigusa, unaachia kiti."

"Kurudi ya nini?" mmoja akacheka. "Kushuka, hata gunia inashuka."

"Kwenda na kurudi," Gentil akasema. "Kazi yetu iko ya kwenda na kurudi."

"Nimekubali," mume wangu akasema.

Yampaye inka, makubwa haya! Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya. Mwanaume huyu, kupanda ngazi tatu za benki anapumzika kwenye ya pili. Na barabara ya Mahoko inapanda tangu unapoipa mji mgongo, Rugerero, Nyundo, Pfunda, inapanda tu kama mtu mwenye deni la ukaidi.

Aliyetuokoa ni Hirwa, mtoto wa dada yangu. Hirwa amekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka, na anafanya kazi kwenye duka la baiskeli za mashindano Kigali. Alisikia habari (nani hakusikia?) akaja na kitu kizito ndani ya boksi.

"Baba mdogo, utajifunzia hapa hapa nyumbani," akasema.

Akatoa gurudumu la nyuma la baiskeli yake, akaifunga baiskeli kwenye ile mashine ya mazoezi iliyotoka kwenye boksi, akaiunganisha na televisheni yetu. Yeye mwenyewe alikuwa amepita barabara yetu na kamera, akaiingiza humo. Hivyo ukikanyaga pedali, unaona Rugerero inakujia kwenye televisheni, na mbuzi kando ya njia, na mpaka ukuta wa yule mwanamke aliyekataa kunirudishia sufuria. Barabara ikipanda, mashine inakaza. Ikishuka, inalegea. Mi nilikaa kwenye mkeka nikasahau wali jikoni.

"Ila inataka kilo zako," Hirwa akasema. "Kilo zako hasa. Ukiidanganya, nayo itakudanganya, halafu utajua ukweli ukiwa Nyundo."

Kilo zake hakuna aliyezijua. Mizani ya famasi ilifika mwisho wa namba ikatetemeka ikakaa hapo. Ikabidi tumpeleke Mahoko kwenye mizani ya viazi. Kimenyi, anayepimia wakulima, alimsimamisha juu ya bati kama mzigo mwingine wowote, akasukuma vyuma vyake, akatangaza kwa sauti ya sokoni: "Mia na makumi tatu na ine!" Halafu, kwa mazoea yake ya miaka yote, akaongeza: "Toa mbili za gunia."

"Hana gunia," Hirwa akasema.

Kimenyi akamwangalia mume wangu kuanzia kofia hadi viatu. "Bon, toa mbili za kanzu."

Soko zima lilicheka. Hirwa akakataa kutoa hata moja. Mia moja thelathini na nne iliingia kwenye mashine kama ilivyo, na kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulijua uzito wa mume wangu kuliko ulivyojua bei ya sukari.

Nyumba ikajaa! Nilidhani nimezoea wageni, kumbe nilikuwa sijaanza. Walikuja wakulima wa Cyanzarwe wakitoka kuuza, wakaweka vikapu mlangoni. Walikuja wazee wa msikitini, walikuja wenzake Pulchérie wa kwaya. Wanakaa chini, macho kwenye televisheni, mume wangu yuko katikati na kaptula, jasho linamwagika, nao wanampigia makofi kama yuko barabarani kweli: "Rugerero hiyo! Songa, Perezida! Usiangalie yule mbuzi!"

Mwezi wa kwanza alikuwa anafia Rugerero. Wa pili akaingia Nyundo. Siku alipofika juu, Mahoko, kwa mara ya kwanza, nyumba ililipuka kwa vigelegele, na mi kwa furaha nikamletea glasi ya chai pale pale juu ya baiskeli, maana sasa ilikuwa ni kushuka tu, na kushuka kwenye mashine ni kukaa. Aliachia usukani, akanyoosha mkono wa kushoto pembeni, kiganja juu, nikamwekea glasi. Akanywa huku Pfunda inapita mbio kwenye televisheni.

"Muone mwendo!" watu wakasema. Namba ilikuwa inapanda kwenye kioo, sabini, sabini na tano.

"Mwinuko unazichukia kilo, mteremko unazipenda," Hirwa akaeleza. "Mtu mzito anashuka haraka kuliko mwembamba. Hilo nalo mashine inalijua."

Tukalipigia makofi. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba: Perezida akifika juu, mkono unanyooka, mi naweka chai. Ningechelewa kidogo, vidole vinacheza hewani vikiitafuta.

Gentil alikuwa hajaja. Alipokuja, alisimama mlangoni na kucheka.

"Hii mashine inamubembeleza. Mutu wa kilo zile anapanda Nyundo? Haiwezekani. Inamupima kama mutu wa kilo makumi saba."

"Panda wewe," Hirwa akamwambia. "Una kilo ngapi?"

"Makumi tano na nane, zote za kazi."

"Sawa. Mi nitaiambia una mia moja thelathini na nne. Uone kama inabembeleza."

Gentil akapanda huku akituonyesha meno yote. Huyu ni kijana anayepandisha abiria mwenye masanduku mawili bila kukohoa. Mita za kwanza alitia mbwembwe, akapiga na kengele. Kisha Rugerero ikaanza kuinuka na meno yakafichwa. Kabla ya Nyundo alikuwa amesimama juu ya pedali, mshipa umetoka shingoni kama kamba, mnyororo unalia.

"Punguza!" akasema.

"Si zangu, ni za Perezida," Hirwa akajibu.

"Hirwa, punguza, moyo inatoka!"

Akasimama. Hakufika hata Nyundo. Aliteremka, akaketi kwenye mkeka wangu katikati ya akina mama. Alimwangalia mume wangu kama mtu aliyemwona leo.

"Muzee," akasema polepole, "hii kitu unabeba kila siku?"

"Hata akienda choo," Pulchérie akamjibu.

Tulicheka mpaka tukalia. Lakini Gentil hakucheka, na kesho yake alirudi, na keshokutwa, na si kwa kejeli. Aliketi mbele na kuhesabu pumzi za mume wangu. Hata Hirwa aliposema kwamba mashine yenyewe ina mwisho wa nguvu, kwamba ile kona kali juu ya Nyundo, kwa mtu mwenye kilo zile, haiwezi kukaza inavyotakiwa, ni Gentil aliyesema: "Donc pale atumie gia nzito. Asizoee uongo." Wakafanya hivyo. Barabara ya kupanda waliipima, wakairekebisha, wakaikoroga kama mchuzi mpaka ikafanana na ya kweli.

Ya kushuka hatukuipima. Ilikuwa saa ya chai.

Siku ya mkutano mkuu ilikuwa Jumapili, asubuhi kavu. Hirwa alirudisha gurudumu la nyuma. Koperative nzima ilikuja na baiskeli zake, kofia kichwani, na mi na Pulchérie tukapanda nyuma ya pikapu ya mume wake, ile ya kubebea kreti za soda, tukishika vyuma. Mume wangu alipanda. Kiti kikalia. Akaondoka.

Nitasema nini juu ya kupanda kule? Nilikuwa nimejiandaa kulia nikakosa nafasi. Rugerero aliipita akiwa anapumua vizuri. Nyundo watu walitoka kanisani kabla ya misa kwisha, nasikia hata padri alichungulia. Kwenye ile kona kali, baiskeli ilianza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto, karibu isimame, unasikia mnyororo tu. Gentil alikuwa pembeni yake hatua moja, hamgusi, anamwambia kwa sauti ya chini: "Polepole, muzee. Kama kwa nyumba. Kama kwa nyumba." Na mguu haukugusa.

Akaingia Mahoko! Kimenyi alikuwa anagonga mizani yake kwa chuma. Wauza viazi walirusha kofia. Mume wangu, yule wa kupumzika kwenye ngazi ya pili, alizunguka soko zima juu ya baiskeli, uso umelowa, na nikaona kwamba analia. Nikamwambia Pulchérie, "Kiti ni chetu," naye akanishika kichwa akanibusu. Hakukuwa na kilichobaki. Ilibaki kushuka.

Barabara ikainama. Pikapu yetu ikafuata nyuma, baiskeli zote mbele, upepo unapiga vitambaa vyetu. Mudathiru aliacha kupiga pedali. Mabega yakashuka, mgongo ukalegea, kama kila siku akifika juu.

Halafu mkono wa kushoto ukatoka.

Ukanyooka pembeni, kiganja juu, vidole vimejikunja kidogo kama vinavyoshika glasi. Nikauona. Niliujua mkono ule kuliko mtu yeyote aliyekuwa barabarani siku hiyo. Mume wangu alikuwa anashuka mlima na kilo zake zote, mkono mmoja kwenye usukani, vidole vya mwingine vinacheza hewani, vinanitafuta.

"Anasalimia watu," Pulchérie akasema huku anacheka.

"Anataka chai!" nikapiga kelele. "Pulchérie, anataka chai!"

Baiskeli ilikuwa imeshaanza kukimbia. Si ule mwendo wa televisheni wa kupigiwa makofi. Huu ulikuwa na mlio. Alilipita lori la mchanga kama limeegeshwa. Nikaona anashtuka, mkono unarudi, anabana breki zote mbili kwa nguvu moja, na nyuma ya gurudumu moshi mwembamba, na harufu ya mpira ikatufikia mpaka kwenye pikapu. Breki zililia, kisha zikaacha kulia. Kuacha huko ndiko kulikonitia baridi.

Gentil alikuwa amelala juu ya usukani wake akimfukuza. Upepo ulikuwa unatuletea sauti yake.

"Mguu! Perezida, weka mguu!"

Vijana wanaoshusha viazi hufanya hivyo, breki zikichemka wanaburuza soli ya kiatu mpaka mzigo utulie. Mudathiru mwenyewe ndiye aliyewafundisha nusu yao. Alitikisa kichwa. Nilimwona wazi, anatikisa kichwa: hapana. Mguu ukigusa, kiti kimekwenda. Alikuwa tayari kufa amekaa!

"Weka, muzee! Kiti baki nayo! Weka mguu!"

Hapana.

Mbele ilikuwa kona ya Pfunda, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine mashamba ya chai, mabichi, yamekatwa sawasawa kama meza. Gentil akapiga kelele ya mwisho:

"Ingia mu chai!"

Na Mudathiru akaingia. Aliruka mtaro, baiskeli ikabaki huko, naye akaendelea peke yake juu ya michai, kilo mia moja thelathini na nne, miguu juu, kisha hatukumwona tena. Matawi yalifunga kama maji.

Mi sikumbuki nilivyoteremka kwenye pikapu. Nakumbuka kimya. Watu wote wale na baiskeli zote zile, hakuna hata kengele. Nilipomfikia alikuwa amelala chali juu ya vichaka vilivyovunjika, miguu imening'inia hewani, majani ya chai kwenye ndevu, macho yanatazama mbingu kwa mshangao mkubwa kuliko wetu sote. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjika vibaya.

"Mama Kaltumu," akaniambia, "nilikutafuta."

Nikampiga kofi la bega. Halafu nikamshika nikalia.

Wanachama walikuwa wamefika, na subhanallah, wanaume ni wanaume: kabla hata ya kumuuliza kama amevunjika, walishaanza. "Mguu haikugusa!" "Iko juu, angalia, yote mbili iko juu!" "Mugongo haiko mguu!" Wote wakamgeukia Gentil, maana sharti lilikuwa lake, na kila mtu alijua nani angekikalia kile kiti kikiachwa wazi.

Gentil aliangalia miguu ya mume wangu, mmoja, kisha wa pili.

"Haikugusa," akasema. "Nimeona. Kiti ni yake."

Makelele, makofi! Wakainama wamwinue hivyo hivyo, miguu juu, wampeleke mpaka kituoni bila kugusa ardhi, kama bwana harusi. Mi mwenyewe nilikuwa nimeshashika kisigino kimoja.

"Muniache," Mudathiru akasema.

"Perezida, tunakubeba, sharti itimie."

"Nimesema muniache." Alikuwa anaangalia baiskeli ya Gentil barabarani, na ile keria ya nyuma yenye mto mwekundu wa abiria. "Gentil. Kama hapo nyuma yangu ilikuwa iko mama? Na mutoto mugongoni?"



"Mi niliwafundisha breki. Mi. Na leo nimenyoosha mkono nikingoja chai. Halafu nimeambiwa weka mguu, nikaona heri kiti." Akapumua. "Perezida gani huyo?"

Akajisukuma kwa mkono mzima. Akauteremsha mguu wa kulia taratibu katikati ya michai, mbele ya macho ya koperative nzima, akaukanyagisha kwenye udongo. Kisha wa pili. Akasimama.

"Nimeweka," akasema. "Muone wote."

Mi hata leo nikiisimulia mdomo unabaki wazi. Kiti alichokitolea jasho miezi yote ile, kiti alichorudishiwa na adui wake mwenyewe, akakiacha shambani kama kiatu kilichochanika. Alitembea kwa miguu mpaka mjini, mkono umefungwa na kitenge changu, na vijana wote wakashuka kwenye baiskeli wakazisukuma nyuma yake. Pulchérie alisema hajaona maandamano kama yale hata ya Mtakatifu Maria.

Sasa perezida ni Gentil. Kengele zinamlilia yeye. Nilidhani itamuua mume wangu, na siku za kwanza kweli hakula. Lakini mkono ulipopona, alirudi kwenye mashine, na nyumba ikajaa upya. Ila desturi imebadilika. Akifika Mahoko, sebule nzima, wazee wa msikitini, wanakwaya, wa Cyanzarwe na vikapu vyao, wote wanapiga kelele mara moja: "Breki!" Naye anabana. Mashine haijui breki. Televisheni inaendelea kukimbia vile vile, sabini, sabini na tano. Anabana mpaka chini. Chai napewa ruhusa kuileta baiskeli ikishasimama.

Wiki iliyopita alitoa ile baiskeli yake ya zamani ya chuma, akapaka mafuta, akafunga mto kwenye keria.

"Panda," akaniambia.

"Mi? Na kilo zangu hizi?"

"Panda, Mama Kaltumu."

Mtaa ulitoka nje kutazama. Nilipanda, nikamkumbatia kiuno, kinachokumbatika siku hizi, nikafumba macho. Tulishuka kutoka Rugerero vidole vyake vikiwa kwenye breki njia nzima, bana, achia, bana, achia, soli ikigusa chini kila baada ya muda. Tulishuka polepole mpaka nikafumbua macho. Mwanamke mwenye gunia la viazi kichwani alikuwa anatupita kwa miguu, akatugeukia.

"Muko na haraka ya wapi?" akatuuliza.

Mume wangu akampigia kengele apite.